Kukata Kanzu Kabla Mtoto Hajazaliwa

Wahenga wetu walikuwa watu wa tahadhari. Usikate kanzu kabla mtoto hajazaliwa, walisema, na yeyote aliyewahi kuona nguo za kichanga zikirudishwa kabatini bila mwenyewe kuzivaa anajua kwa nini walisema hivyo. Methali hii haina ukatili. Imetungwa na mtu aliyeumia, akataka mwenzake asiumie kama yeye. Inatufundisha kwamba furaha ina zamu yake, na zamu hiyo ni ya mwisho: kwanza jambo litimie, macho yaone, ndipo tupige vigelegele.

Halafu Desemba inafika, na Kanisa linafanya kinyume kabisa. Linaweka karibu wiki nne za kumngoja mtoto, na katikati ya kungoja huko, Dominika ya tatu ya Majilio, linawaambia watu wafurahi. Si siku ya Krismasi. Ni kabla. Hori bado tupu, mtoto bado tumboni, na padri ameshasimama altareni na vazi la rangi ya waridi. Kwa lugha ya wahenga, kanzu imeshakatwa, tena ya rangi inayoonekana kutoka mlangoni.

Nimeisikia Dominika hiyo tangu utotoni na kwa miaka mingi niliichukua kama mapambo tu, mapumziko mafupi katikati ya rangi ya zambarau. Siku hizi inanisumbua kama swali la maadili. Je, mtu ana haki ya kufurahia jambo ambalo halijaja, na ambalo huenda lisije? Na akiwa amezungukwa na watu wanaoumia, furaha hiyo si aina fulani ya utovu wa adabu?

Tuanze na jina lenyewe. Majilio ni neno tulilolizoea hadi hatulisikii tena. Ndani yake kuna kuja, lakini si kuja hivi hivi tu. Ni kumjia mtu, kumfikia pale alipo. Yaani tangu kwenye jina, kazi kubwa haiko kwa anayengoja. Iko kwa anayekuja. Anayengoja kazi yake ni kuwa macho na kuacha mlango bila komeo.

Hapo mwanzo kipindi hiki hakikuwa cha furaha sana. Katika karne ya 5, kule Tours, Ufaransa, Askofu Perpetuus aliwaagiza waamini wafunge siku tatu kwa wiki kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Martin, 11 Novemba, hadi Krismasi. Zambarau tunayoiona makanisani leo inabeba toba hiyo ya zamani. Ndiyo maana Dominika ya tatu inashtua. Jina lake la Kilatini ni Gaudete, yaani furahini, na limetokana na neno la kwanza la wimbo wa kuingilia Misa ya siku hiyo. Neno hilo lilichukuliwa kutoka barua ya Paulo kwa Wafilipi, na mwandishi wa barua hiyo, kama mwenyewe anavyoeleza ndani yake, alikuwa amefungwa minyororo. Aliyetuagiza kufurahi hakuwa ametoka kwenye karamu.

Mijini siku hizi hatungoji. Novemba haijafika katikati, maduka makubwa ya Dar es Salaam yameshaanza kupiga nyimbo za Krismasi, na theluji ya pamba imewekwa dirishani huku nje jasho linatutiririka. Mimi sina ugomvi na biashara, watu wanatafuta riziki. Ila naona kuna kitu tunanyang'anywa taratibu. Ukishaanza kusherehekea mapema hivyo, si kwamba umefurahi kabla; umefuta tu ule muda wa katikati, kana kwamba kungoja ni hitilafu ya mtandao inayopaswa kurekebishwa. Majilio hayafuti kungoja. Yanakuachia ungoje, halafu yanakuomba ufurahi humo humo.

Kuna hadithi moja ya Ujerumani ninayoipenda kwa sababu inahusu watoto wasio na subira. Mwaka 1839 mjini Hamburg, mchungaji Johann Hinrich Wichern alikuwa akiendesha nyumba ya kulelea watoto maskini. Watoto, kama watoto wa popote, walimchosha kwa swali moja: Krismasi lini? Wichern akachukua gurudumu la zamani la mkokoteni, akapanga juu yake mishumaa, mikubwa minne myeupe kwa ajili ya Dominika na midogo myekundu kwa siku nyingine, na kila siku mmoja zaidi ukawashwa. Taji la Majilio tunaloliona leo kwenye parokia zetu, lenye mishumaa minne tu, lilianzia pale. Kinachonivutia ni kwamba hakuwaambia watoto wanyamaze, wala hakuwapa zawadi kabla ya siku yake. Aliwapa mwanga kidogo wa leo, wa kutosha leo. Kesho kulikuwa na mwingine.

Lakini mishumaa ni mizuri mno, na swali letu ni gumu kuliko mishumaa. Masomo ya Misa huzunguka kwa miaka mitatu, na katika mwaka wa kwanza wa mzunguko huo, Injili ya Dominika ya furaha ni ya mtu aliye gerezani. Yohane Mbatizaji, aliyepaza sauti jangwani kwamba kuna mmoja anakuja, sasa amefungwa na Herode, na ameanza kuwa na shaka. Anawatuma wanafunzi wake wakamuulize Yesu kama ndiye kweli, au wamngojee mwingine. Hebu fikiria: siku ya kuambiwa tufurahi, tunasomewa habari za mtu ambaye hana hakika kama maisha yake yote hayakuwa makosa.

Jibu analopata ni la ajabu. Haambiwi ndiyo, wala haambiwi hapana. Anapelekewa orodha ya yanayoonekana na kusikika huko nje: vipofu wanaona, viwete wanatembea, maskini wanahubiriwa habari njema. Yohane aliwajua manabii. Sidhani kama alikosa kuona kilichokosekana kwenye orodha ile. Isaya alitaja pia wafungwa kufunguliwa. Hilo halikuletwa gerezani. Na tunajua mwisho wake: hakutoka. Alikatwa kichwa.

Mimi hapo ndipo ninapoanza kuelewa furaha hii ni ya namna gani. Si utabiri. Yohane hakuahidiwa kwamba mambo yake yatakwenda vizuri. Aliombwa aangalie kitu kilichokwisha kuanza, hata kama kimeanzia kwa watu wengine na kwake hakijafika. Hiyo ni furaha ngumu sana. Nadhani pia ni ya kweli kuliko ile tunayouziwa dukani.

Sasa niseme kwa nini haya yote si ya vitabuni kwangu. Dada yangu mkubwa ni mjamzito. Ameniruhusu niandike, kwa sharti nisitaje jina wala mtaa. Ameolewa miaka sita. Mimba ya kwanza ilitoka akiwa na miezi minne. Ya pili ilifika wiki ya 28, na tulizika. Hii ni ya tatu, na ninapoandika ana wiki ya 32. Tarehe yake ni mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo mwaka huu, nyumbani kwetu, Majilio si somo. Ni tumbo linalopita sebuleni polepole, na watu wazima wanaolitazama kwa pembe ya jicho.

Mama amepiga marufuku. Hakuna kununua soksi, hakuna kofia, hakuna kuzungumzia jina. Mama ni Mkatoliki wa kila siku, kwenye jumuiya hakosi, lakini kwenye hili anafuata wahenga neno kwa neno. Wala simlaumu. Yeye ndiye aliyezikunja zile nguo mara ya pili, akazifunga kwenye mfuko, akazitoa nyumbani usiku ili dada asione.

Tatizo ni kliniki. Muuguzi wa kliniki hana habari na wahenga. Kila mahudhurio anauliza: mama, mkoba wa kujifungulia umeshaandaa? Khanga ziko? Pamba, glovu, nailoni? Yeye anajua kwamba uchungu haupigi hodi, na kwamba mwanamke anayefika hospitali mikono mitupu saa nane za usiku anahangaika yeye na wanaompokea. Kwa hiyo dada yupo katikati ya sauti mbili, zote za wanawake wenye uzoefu, zote zinamtakia mema. Moja inasema usiandae, nyingine inasema umechelewa kuandaa.

Suluhu aliipata mama mwenyewe, kwa ujanja wa kisheria ambao wakili angeuonea wivu. Khanga, alisema, ni za mama, si za mtoto. Hizo nendeni mkanunue.

Tulikwenda Mtaa wa Uhuru, Jumamosi asubuhi, kabla jua halijawa kali. Muuzaji alimtazama dada tumboni, akachomoa doti moja kwa furaha: Subira Yavuta Heri. Dada akacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwa muda mrefu. "Hiyo nimeshaivaa miaka sita, kaka. Nipe nyingine." Akaletewa zenye maneno ya ushindi, za kuwakomesha maadui, akazirudisha. Mwisho akachukua moja iliyoandikwa Mgeni Njoo Mwenyeji Apone. Akaisoma mara mbili, akalipa bila kuomba apunguziwe.

Kwenye daladala aliniambia jambo ambalo limekaa nami tangu siku hiyo. "Unajua mdogo wangu, ile ya pili sikuifurahia hata siku moja. Nilikuwa najikinga. Nikasema nitafurahi akishalia. Hakulia. Basi nikabaki sina mtoto, na sina hata siku moja ya kukumbuka kwamba nilifurahi naye. Wiki 28 nilikuwa naye, na nilimfanya kama mtu asiyekuwepo."

Sikuwa na la kujibu, na sikujibu. Lakini nadhani ndani ya maneno yale kuna hoja ambayo methali ya kanzu haijaijibu. Methali inachukulia kwamba kujinyima furaha ni kama bima: unalipa kidogo kidogo sasa ili msiba ukija usikuvunje. Dada amelipa bima hiyo wiki 28, na siku ya msiba haikumlipa chochote. Maumivu yalikuja kamili, hayakupunguzwa hata senti. Kilichopungua ni kile cha upande wa pili tu. Nimewauliza wengine waliopitia ya kwao, waliongoja majibu ya maabara, viza, mume aliye safarini. Wengi wanasema vivyo hivyo. Kutofurahi hakuwaandai kwa huzuni. Kunawaondolea tu kitu ambacho huzuni ingekikuta.

Kuna mwanamke kwenye Injili ambaye angeelewana sana na mama yangu. Ni Elizabeti, mke wa Zakaria, aliyeitwa tasa hadi uzeeni. Luka anatuambia kwamba aliposhika mimba alijificha miezi mitano. Hasemi sana kwa nini, na wahubiri wengi hupita hapo haraka kwa sababu wanawahi kufika kwa Maria. Mimi siku hizi nasimama hapo. Miezi mitano ya kutotoka nje. Kila mwanamke wa mtaani kwetu anajua ile ni nini. Kisha katika mwezi wa sita anakuja ndugu yake, binti mdogo, naye mjamzito, amesafiri hadi nchi ya milimani, anaingia na kusalimia. Mtoto tumboni mwa Elizabeti anaruka. Hapo ndipo mwanamke yule anapaza sauti.

Angalieni mambo mawili. La kwanza, maandiko hayamkemei kwa kujificha. Hofu yake imeandikwa pale, imepewa idadi ya miezi, basi. La pili, furaha haikumjia kwa kujilazimisha. Ilimjia kwa sababu mtu alibisha hodi. Na kilichoifanya iwe furaha si uhakika wa kesho, ni mguso wa leo: mtoto yupo, ameruka, amemsikia. Mimba si ahadi tupu ya mtu atakayekuwepo. Kuna mtu yupo tayari, hata kama bado hatumwoni.

Hapa inabidi nijibu pingamizi la wale wanaoona furaha ya namna hii ni anasa ya waliosalimika. Pingamizi hilo lina nguvu. Kwa kazi yangu ya uandishi wa habari, Desemba ni mwezi wa ajali za barabarani na wodi zilizojaa. Nimewahi kumsikia mhubiri akiwaamuru watu wamgeukie jirani na kumwambia afurahi, huku jirani niliyepangiwa ana macho mekundu ya kulia. Hiyo naikataa. Kumwamuru mtu aliyeumia afurahi ni kumwongezea mzigo wa pili juu ya wa kwanza: sasa ana huzuni, na ana kosa la kuwa na huzuni.

Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kama tukikisikiliza. Raha si furaha, na furaha si shangwe. Raha inahitaji hali nzuri: tumbo limeshiba, mwili hauumi, kodi ya nyumba imelipwa. Shangwe inahitaji watu na kelele. Furaha inaweza kukaa mahali pasipo na raha wala shangwe. Ndiyo maana inaweza kupita geti la gereza.

Na imepita. Alfred Delp alikuwa padri Mjesuti wa Ujerumani aliyekamatwa Julai 1944 kwa kuhusishwa na waliompinga Hitler. Desemba ya mwaka huo, katika gereza la Tegel mjini Berlin, akiwa na pingu mikononi, aliandika tafakari za Majilio kwenye vipande vya karatasi vilivyotoroshwa pamoja na nguo chafu zilizokwenda kufuliwa. Alinyongwa tarehe 2 Februari 1945. Ukisoma alichoandika huoni mtu anayejidanganya kwamba ataachiwa. Unaona mtu anayechukua kipindi cha kungoja kwa uzito kuliko waliokuwa huru, kwa sababu yeye hakuwa na kitu kingine.

Wala jambo hili si mali ya Wakristo peke yao. Abdilatif Abdalla, Mwislamu wa Mombasa, alifungwa Kenya kuanzia 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi chake, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga humo, mengine akiyaandika kwenye karatasi za chooni, ndiyo tunayoyasoma leo katika Sauti ya Dhiki, kitabu kilichotoka 1973. Sisemi kwamba alikuwa na furaha gerezani. Jina la kitabu linatosha kutuonya. Ninasema hivi: mtu anayepanga vina na mizani kwenye karatasi ya chooni, bila kujua kama kuna jicho litakalosoma, amekata kanzu kwa ajili ya msomaji ambaye hajazaliwa. Sisi tunaopenda vitabu tunaishi kwa kanzu zilizokatwa hivyo. Kama waandishi wote wangefuata methali, rafu zetu zingekuwa tupu.

Basi wahenga wamekosea? Sidhani. Walikuwa na methali mbili, na kazi ya kuzipima wakatuachia sisi. Usikate kanzu inatuonya tusijifanye tunaijua kesho, na hilo ni kweli: dada yangu hajui, daktari hajui, mimi sijui. Mgeni njoo mwenyeji apone inasema jambo jingine. Haisemi mgeni atafika lini wala kama atakaa. Inasema kwamba mwenyeji ana ugonjwa ambao hawezi kuupona peke yake, na kwamba dawa yake inaanza na neno njoo. Anayesema njoo hadai kwamba anaijua kesho. Amefungua mlango tu. Furaha ya Majilio, kwa ninavyoielewa sasa, ni ya mwenyeji wa namna hiyo. Ndiyo maana inaweza kusemwa kweli na mtu mwenye hofu.

Ina masharti, na masharti yake ni magumu. Isidanganye juu ya matokeo. Isimnyamazishe anayelia. Ianzie kwenye kitu kilichopo leo, hata kiwe kidogo kama teke moja la usiku. Na isiwe ya mtu peke yake, maana Elizabeti peke yake alijificha tu. Ilibidi mtu amwendee.

Wanajumuiya wa mama wameshaanza kuja nyumbani jioni. Hawaleti nguo za mtoto, wanaheshimu marufuku. Wanaleta maembe, kwa kuwa ndio msimu wake, wanasali rozari, wanamuuliza dada miguu inavimba au la, wanaondoka. Wiki iliyopita mmoja wao aliomba kuweka mkono tumboni. Mama alitaka kukataa, nilimwona. Dada akasema, "Weka tu, mama, amka amekwisha amka." Wakanyamaza wote wakisubiri, na mtoto akapiga. Sebule nzima ikacheka, mama akiwemo.

Sijui Januari italeta nini. Lakini jioni ile imeshakuwepo, na hakuna kitakachoweza kuirudisha nyuma isiwepo. Kama unamjua mtu anayengoja kitu mwezi huu, jibu la hospitali, kazi, kijana aliyeko mahabusu, tafadhali usimtumie ujumbe wa kumwambia afurahi. Mwendee. Beba maembe. Kaa mpaka aseme mwenyewe kilichoanza kuchezacheza ndani yake, na akikisema, usimwambie asubiri kwanza.